Je, Silaha Huzeeka?

Mwanadamu ana tamaa ya kuweka vitu. Wako wakusanyao stampu, wako wakusanyao makombe ya baharini, sarafu zilizokwisha kazi na saa zisizotembea tena. Si tabia ya kulaumiwa. Yamkini majumba ya makumbusho yasingalikuwako kama wasingalikuwako watu wa namna hiyo. Lakini viko vitu ambavyo mwenye kuvikusanya hana budi kuulizwa neno kabla ya kusifiwa, na kimoja katika hivyo ni silaha. Katika Marekani wako watu wengi, wenye adabu zao na kazi zao, ambao furaha yao kubwa ni kukusanya bunduki na bastola za kale za jeshi la nchi yao. Swali langu si kama sheria yawaruhusu, maana yawaruhusu. Swali langu ni kama silaha, kwa kukaa siku nyingi, huacha kuwa silaha.

Haki yataka tuwatazame kwanza wenyewe kazini, maana elimu yao si ya mchezo. Chukua bunduki iitwayo M1. Aliyeibuni ni John Garand, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha serikali cha Springfield, jimbo la Massachusetts. Jeshi liliipokea mwaka 1936, na kabla haijaachwa zilikwisha kuundwa zaidi ya milioni 5. Ilichukua risasi 8 kwa mara moja, na askari aliweza kuzipiga zote bila ya kuvuta chuma cha nyuma kwa mkono baada ya kila risasi, kama walivyolazimika kufanya askari wengi wa mataifa mengine wakati ule. Garand mwenyewe aliipa serikali haki zote za ubunifu wake, wala hakupata fungu lolote katika mamilioni hayo. Mkusanyaji hodari huishika bunduki hiyo kama kadhi ashikavyo hati. Husoma nambari yake, chapa ya kiwanda, na mhuri wa mkaguzi uliopigwa katika mti wa kitako. Ajua ya kuwa mafundi wa jeshi walizifungua bunduki hizi na kuzitengeneza mara kwa mara, vipande vya hii vikaingia katika ile, hata ile yenye vipande vyake vya asili imekuwa adimu. Tena huchukia mno kuona mtu akisugua kitako kwa msasa ili king'ae, kwa kuwa msasa hufuta mikwaruzo na mihuri, na mikwaruzo na mihuri ndiyo tarehe ya bunduki.

Hapa nakiri naona cha kuheshimu. Lakini tazama upande wa bei, uone jinsi mambo yanavyogeuka. Mwaka 1940 serikali ya Marekani iliiagiza kampuni ya Singer iunde bastola 500 za mtindo wa John Browning, mtindo ambao jeshi lilikuwa limeupokea tangu mwaka 1911. Naam, ni Singer hiyohiyo ya cherehani, ambayo fundi wa nguo huikanyaga kwa miguu barazani katika miji yetu. Kampuni ilizimaliza bastola zile 500, kisha ikageukia vyombo vingine vya vita, wala haikuunda nyingine. Kwa uchache huo, bastola moja ya Singer imepata kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000. Na ile iliyokwenda vitani, ikapauka kwa jasho la mkono wa askari, hupungua thamani. Ile iliyolala kabatini bila ya kuguswa hupanda. Mkusanyaji asema apenda historia, na huenda ni kweli. Lakini soko lake hulipa zaidi kwa chombo kilichoikosa historia.

Watetezi wake wana hoja moja kubwa, nayo ni hii: chuma hakina dhambi. Mkono ndio uuao, wala si bunduki. Na chuma kilekile kingaliweza kuwa jembe. Hoja hii ni kweli nusu. Chuma hakina dhambi, lakini umbo lina nia. Jembe likimwua mtu limetumiwa vibaya, limetolewa katika kazi yake. Bunduki ya jeshi ikimwua mtu imefanya hasa ile kazi iliyoundiwa. Basi hatuwezi kuusifu ustadi wa Garand tukaiacha nje sababu ya ustadi huo. Kwa nini risasi 8 ziwe bora kuliko risasi 5? Kwa nini ni faida askari asiondoe jicho lake katika shabaha? Majibu yote yapita katika mwili wa mtu aliyesimama upande wa pili. Anayeiona bunduki kuwa nzuri, na bila shaka ni nzuri, ameuona uzuri wa kisu kilichonolewa barabara, naye asijidanganye ya kuwa ameona uzuri wa kijiko.

Ama kuhusu uzee, sheria ya Marekani imepata kujibu swali letu, na jibu lake lastahili kufikiriwa. Mwaka 1963 Rais John Kennedy aliuawa katika mji wa Dallas kwa bunduki kuukuu ya jeshi la Italia, iliyotengenezwa mwaka 1940, ambayo mwuaji aliiagiza kwa posta kwa bei isiyofika dola 25. Ilikuwa mali ya vita vilivyokwisha, imeuzwa kama kiatu cha mtumba. Baada ya miaka 5, yaani mwaka 1968, ikatungwa sheria ya kuzuia watu kuagizia bunduki kwa posta namna ile. Lakini sheria hiyohiyo ikasema ya kuwa bunduki iliyoundwa kabla ya mwaka 1899 haihesabiwi kuwa silaha. Ni kitu cha kale tu. Kwa neno la watunga sheria, basi, silaha huzeeka, na siku yake ya kustaafu yajulikana.

Sasa tuitazame mojawapo ya hizo zilizostaafishwa. Bunduki fupi ya Springfield ya mwaka 1873, iliyochukuliwa na askari wa farasi, yatafutwa sana na wakusanyaji, hasa yenye nambari za kabla ya Juni 1876. Sababu ni kwamba tarehe 25 ya mwezi huo, penye mto Little Bighorn huko Montana, Walakota na Wacheyenne walimshinda George Custer, yeye na watu zaidi ya 200 wa kikosi cha 7 wakafa. Kila mtu angependa kuwa na bunduki iliyokuwapo pale. Lakini kikosi hichohicho, kikiwa na bunduki za ukoo uleule, tarehe 29 Desemba 1890 kiliwaua Walakota zaidi ya 150 mahali paitwapo Wounded Knee, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Askari wapatao 20 walipewa nishani ya juu kabisa ya taifa kwa kazi ya siku ile. Kwa sheria ya 1968, bunduki iliyowapiga watoto wale si silaha. Mjukuu wa mtoto aliyenusurika, akiikuta ukutani katika nyumba ya mtu, sidhani kama angekubali.

Je, zitupwe baharini zote? Hasha. Kuitupa bunduki ni kumtupa shahidi, na wako watu ambao wangefurahi mno shahidi huyo akizama. Mimi namtaka mkusanyaji aendelee kuweka, ila kanuni yake ya msasa aipeleke mbali zaidi. Kama ni haramu kufuta mkwaruzo wa kitakoni, ni haramu pia kuandika katika kadi iliyo chini ya bunduki jina la kiwanda, mwaka na hali ya mti, kisha kunyamaza juu ya kazi iliyofanyika kwayo.

Na wala asiseme kwamba hayo hayajulikani kamwe. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja wa Little Bighorn, na mwaka uliofuata wataalamu wakaanza kuchimba pale. Waliokota maganda mengi ya risasi. Kila bunduki huacha alama yake juu ya ganda, kama kidole kiachavyo alama juu ya karatasi. Kwa hiyo waliweza kutambua bunduki moja moja, na hata kufuata jinsi ilivyohama kutoka mahali hadi mahali katika uwanja. Kisha wenye bunduki za kale wakaleta zao zipimwe. Nyingi hazikulingana na ganda lolote. Chache zililingana.