WAKRISTO WA KUSUKUMWA



Somo letu ni Mathayo 25, mstari wa 1 hata 13. Wanawali watano walikuwa na mafuta yao. Watano walitegemea ya wenzao, na mlango ukafungwa.

Ninyi wa Lulimba mnaijua kamioneti ya parokia. Mwaka mzima demarere yake, chombo kile kinachoamsha moteri, ilikuwa imekufa. Ukigeuza ufunguo, taa zinawaka vizuri, batri ina nguvu, lakini unasikia "ta" tu, kisha kimya. Sisi mashemasi tulisema: vijana wapo, watasukuma. Tukawa tunailaza kwenye mteremko; asubuhi shofere anatia vitesi ya pili, anaachilia ambreyaji, inawaka. Sadaka mliyotoa kwa ajili ya demarere, tukanunua vitambaa vya sikukuu. Tunaungama mbele yenu.

Usiku mmoja wa mvua mama alishikwa na uchungu wa uzazi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akasema apelekwe Fizi hospitalini. Gari lilikuwa limelala mahali tambarare, katika matope. Vijana walikuwa wamekwenda Misisi kwenye dhahabu. Tulikuwa wazee wanne. Tulisukuma, tukaanguka, tukaomba, tukasukuma tena. Lilipowaka, kulikuwa kumekucha. Mama alipona. Mtoto tulimzika.

Ndipo tukatuma mtu Baraka kununua demarere. Fundi alitoa kwanza waya wa batri, asije akachoma kitu. Akafungua waya mnene na buloni mbili, akaishusha ile ya zamani, akatuonyesha ndani: makaa madogo yanayopitisha umeme yalikuwa yameisha kwa kusuguana. Moteri yenyewe haikuwa na ugonjwa. Akafunga ile mpya, na kabla ya sala ya jioni kazi ilikwisha. Mchana mmoja tu! Na sisi tulingoja mwaka.

Wapendwa, wangapi kati yetu ni Wakristo wa kusukumwa? Mchungaji asipokuja nyumbani, hasali. Kwaya isipoimba, moyo haupati moto. Taa zake zinawaka, kila mtu anaziona Jumapili, lakini ndani makaa yameisha. Siku wasukumaji hawapo, atafanya nini?

Tukumbuke Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na Septemba mwaka uleule akafungwa. Alikufa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wengi walipelekwa mbali na makwao. Serikali ilikubali kanisa tarehe 24 Desemba 1959 tu. Miaka yote ile nani aliwasukuma? Waliamka gizani, wakasali kwa siri, kwa sababu moto ulikuwa ndani yao.

Basi kila mmoja ajifungue mbele za Mungu wakati bado ni mchana. Kilichokwisha kibadilishwe: kwa toba, kwa sala ya nyumbani, kwa Mapendo, Amri na Kazi.

Nasi mashemasi tunarudisha fedha za vitambaa kutoka mifukoni mwetu. Zitakuwa za mafuta ya gari, kwa wagonjwa wa usiku. Mtuulize hesabu kila mwisho wa mwezi.

Mungu amfariji mama yule, na atuamshe sote. Amina.