Ahadi ya Jioni na Baridi ya Asubuhi



Liko swali dogo ambalo huzuka kila mwaka mwezi wa Juni, kipupwe kinapoingia bondeni kwetu, na ijapokuwa ni dogo halina jibu jepesi. Mtu akijiahidi mwenyewe jambo, je, amefungwa? Na kama amefungwa, aliyemfunga ni nani?

Nalileta swali hili kwa ajili ya jirani yetu mmoja, baba wa watoto watatu, ambaye kazi yake iko ng'ambo ya pili ya Mto Ruaha Mkuu. Kwa miaka mingi alikuwa akienda kazini kwa bodaboda. Mtoto wake wa kwanza alipokaribia kuingia sekondari, alipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, siku sita kwa juma, akaona kwamba fedha ile, ikiwekwa, itatosha sare, madaftari na godoro kabla ya Januari. Akanunua baiskeli kuukuu. Fundi akaitia mnyororo mpya na mipira ya breki, na jioni moja mwenye baiskeli akatangaza mbele ya mkewe kwamba kuanzia Jumatatu ataendesha mwenyewe. Jumatatu hiyo ilikuja na baridi.

Najua wasomaji waliotoka Makete na Njombe watacheka. Kwao huanguka sakitu, na maji ya ndoo huwa kama yamechongwa. Kidatu iko mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na hata mwezi wa Julai mchana wetu una joto. Lakini mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Akienda mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hewa iliyotulia kabisa humpiga kana kwamba upepo wa kasi hiyo unavuma, na vidole vilivyoshika usukani haviwezi kujificha popote. Tena jua la Juni ni la uvivu. Kwetu hapa huchomoza kama saa 12.40 asubuhi, nusu saa hivi nyuma ya lile la Desemba, basi anayetakiwa kazini saa 1 hana budi kutoka gizani. Na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hutelemka usiku na kukaa penye mabonde na kando ya mto, mahali pale pale anapopita.

Basi tumwangalie mtu huyu akiwa mlangoni, saa 11 na nusu alfajiri, mkono mmoja kwenye kiti cha baiskeli. Bodaboda zinapita. Nani atamdai akipanda?

Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1651, alitoa hoja ambayo ni vigumu kuijibu. Mwenye kudai ana uwezo wa kusamehe deni. Kama mimi ndiye mdaiwa na mimi ndiye mwenye kudai, naweza kujisamehe wakati wowote nipendao, na deni linalosameheka wakati wowote na mdaiwa mwenyewe si deni. Kwa hoja hii jirani yetu hakujifunga kwa lolote. Alisema maneno tu jioni, akiwa ameshiba na amejifunika shuka.

Wengine watajibu upesi kwamba ahadi ile ilikuwa kwa mkewe na mtoto, maana godoro ni la mtoto. Ni kweli, wala si neno dogo. Lakini jibu hilo linaliepa swali. Mkewe ni mwema. Angemwona anatetemeka angekuwa wa kwanza kumwambia, baba fulani, panda pikipiki leo, kesho utaanza. Yaani hata huyo mwingine aliyeahidiwa yuko tayari kusamehe. Ikiwa ahadi ile bado ina nguvu baada ya hapo, nguvu hiyo yatoka kwingine.

Mimi naona yatoka hapa. Si kila wakati mtu anafaa kusamehe deni, hata kama ni lake. Mzee wa baraza aliyelewa haruhusiwi kukata shauri, ingawa ni mzee yule yule na baraza ni lile lile. Twamwambia arudi kesho. Vivyo hivyo mtu anayetetemeka mlangoni si mwamuzi mzuri wa safari, kwa sababu yeye ana shauri moja tu mbele yake, nalo ni baridi ya dakika ile. Haoni Januari. Haoni hata kilomita ya pili.

Nami naitaja kilomita ya pili kwa makusudi, kwa kuwa hapa mwili wenyewe unatoa ushahidi. Misuli ya mtu anayekanyaga pedali hugeuza kama robo tu ya nguvu inayoitumia kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka kama joto. Ndiyo maana baridi ya baiskeli ni kali mwanzoni, na baada ya dakika kumi hivi mtu hutafuta kifungo cha koti akilegeze. Wanaojua huvaa nguo nyepesi kuliko wanavyotamani wakiwa nyumbani, wakifunika zaidi mikono na kifua, ili jasho lisije likawapoza wakifika. Anayepima safari nzima kwa hali aliyo nayo mlangoni anaipima kwa sehemu yake iliyo mbaya kuliko zote.

Hata hivyo kuna hatari upande wa pili, na sitaki kuipita. Tukimwambia mtu asisikilize kamwe sauti ya alfajiri, tutamfundisha ukaidi. Ziko asubuhi ambazo kweli haifai kwenda: ana homa, breki imekatika, ukungu umefunga barabara hata malori ya miwa hayaonekani mpaka yamefika. Atajuaje lini anashauriwa na busara na lini anadanganywa na shuka? Kipimo ninachokitumia ni hiki. Aulize kama sababu hiyo ilikuwapo alipoamua. Baridi ilikuwapo, alijua ni Juni, alijua mto uko wapi. Alipoamua aliiweka kwenye mizani pamoja na godoro, na godoro likashinda. Kuileta tena mlangoni ni kudai kesi iliyokwisha kuamuliwa isikilizwe mara ya pili, mshitaki akiwa peke yake. Lakini homa ni shahidi mpya, naye lazima asikilizwe. Na akiona kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa mbaya, aubadilishe saa 7 mchana, akiwa amekula na jua linawaka. Uamuzi unaobadilishwa mchana huwa na heshima yake.

Wako watakaomtaja Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorintho juu ya wanariadha na jinsi wanavyojitawala. Mfano huo ni mzuri, lakini tukumbuke kwamba mwanariadha hutaabika kwa ajili ya taji. Hakuna taji katika vidole vilivyokufa ganzi. Nasema hivi kwa sababu nimekwisha kumsikia mtu mmoja mwenye pikipiki yake nyumbani, naye ameanza baiskeli kwa ajili ya afya, jambo jema kabisa, akijisifu jinsi anavyoishinda baridi. Watu walimsifu. Kumbe wakati uo huo, katika giza lile lile, mama muuza maandazi alikuwa amekwisha kupita na ndoo imefungwa kwenye keria, na vijana wa samaki wenye matenga walikuwa njiani tangu saa 10. Hao hakuna aliyewaita hodari. Tena teremka hadi Ifakara, mji uliokaa tambarare ambako baiskeli ni nyingi na akina mama huziendesha kama wanaume, uone kama kuna anayesifiwa kwa kwenda sokoni alfajiri.

Sifa zetu tumezipindua. Twamsifu yule anayeweza kuacha wakati wowote, na yule asiyeweza kuacha twamwona kama sehemu ya barabara. Najua jibu: mmoja amechagua na mwingine hakuchagua, na wema ni wa anayechagua. Lakini mama yule naye huchagua kila alfajiri. Angeweza kulala, watoto wakakosa. Tofauti ni kwamba asipokwenda, hasara yake ni kubwa zaidi. Sioni jinsi hilo linavyoupunguza ujasiri wake.

Jirani yetu yuko katikati ya hawa wawili, na labda ndiyo sababu shauri lake linafundisha. Anaweza kuacha, ila akiacha kuna mtu mwingine atakayelala bila godoro.

Jambo moja zaidi. Katika mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, watu wengi huendesha baiskeli kwenda kazini na shuleni wakati wa theluji, hata mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya baiskeli za majira ya baridi ulifanyika huko. Mtu angedhani watu hao wana moyo wa chuma kuliko sisi. Lakini huko njia za baiskeli ziko peke yake, zimetengwa na magari, na theluji huondolewa mapema watu waweze kupita. Nusu ya ujasiri wa Oulu imefanywa na wenye kusafisha njia.

Kwetu barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, imewekwa lami miaka hii ya karibuni, nasi twashukuru, vumbi limekwisha. Lakini lami imeongeza mwendo wa magari, na msimu wa miwa huanza pamoja na kipupwe, wakati watu wanatoka gizani wamevaa makoti meusi, kofia zimefunika masikio. Mitambo ya Kidatu imekuwa ikitoa umeme tangu mwaka 1975, megawati 204 ikifanya kazi yote, na nyaya zake hupita juu ya kichwa cha mwendesha baiskeli asiye na taa. Kwa hiyo tunapojadili kama mtu ana nia ya kutosha, tuulize pia ni nini kilichoachwa juu ya nia yake peke yake ambacho kingeweza kubebwa na wengi: dereva wa lori kupunguza mwendo karibu na daraja, msimamizi wa kazi kutoa pembe ya kuwekea baiskeli na kubadilisha nguo, sisi majirani kuacha kucheka.

Jirani yetu amekwisha kupata kitambaa cheupe cha kushona mgongoni mwa koti. Dainamo bado. Fundi anasema ataipata kwa bei nafuu mwisho wa mwezi, na mpaka hapo mkewe amemwazima tochi, wameifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu.