Nani Mlezi wa Mtoto Mdogo?

Wazee wa zamani wameacha mithali mbili ambazo, zikisikiwa mara ya kwanza, zaonekana kupigana. Ya kwanza husema: Mkono mmoja haulei mwana. Ya pili husema: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ya kwanza yawaita jirani, bibi, mwalimu na kijiji kizima waje kusaidia. Ya pili yawarudisha wote nyuma, na kuwaacha baba na mama peke yao mbele ya mtoto wao. Je, ipi ni ya kweli? Na mzazi akishauriwa na watu wengi, kila mmoja na neno lake, imempasa kumsikiliza nani?

Uwepo mfano. Mama mmoja wa kijiji cha Kivu, mke wa mkulima wa mihogo, ana mtoto wa kiume wa miaka 4. Asubuhi aendapo chemchemi kuteka maji, wanawake wenzake humwuliza habari za mtoto. Mmoja, ambaye dada yake akaa Bukavu, amwambia: «Mama, uza mbuzi wako, umpeleke mtoto mjini kwa baba yake mdogo, aingie shule ya watoto wadogo. Wenzake wa mjini waimba kwa Kifaransa na kuhesabu hata ishirini. Wako acheza na udongo tu.» Wa pili asema: «Fimbo ndiyo shule ya kwanza.» Bibi mzee, aliyelea watoto wanane, asema: «Mwacheni. Mhogo haukui upesi kwa kuvutwa majani.» Mama yule arudi nyumbani na mtungi kichwani na mawazo matatu moyoni. Jioni mumewe amwambia: «Watoto ni mambo yenu ninyi wanawake. Ukiamua, nitauza mbuzi.» Hapo ndipo ilipo shida yenyewe: washauri ni wengi, na mwenye kuamua hayupo.

Kwanza ijulikane kwamba kuomba shauri si aibu. Hakuna mtu aliyezaliwa akijua kulea. Mtoto wa kwanza huwakuta baba na mama wakiwa wanafunzi bado. Atakaye kujenga nyumba humwuliza fundi, naye mzazi akikataa kuuliza kwa kiburi, mtoto ndiye atakayelipa gharama ya ujinga wake. Lakini shauri ni taa tu, si miguu. Mkatekumeni ajua jambo hili vema. Siku ya Ubatizo msimamizi husimama karibu naye na kumtia nguvu, lakini neno la kukubali hulisema mkatekumeni mwenyewe, wala msimamizi hawezi kulisema badala yake. Kadhalika jirani aweza kusimama karibu na mzazi, lakini kuamua ni kazi ya mzazi.

Tena yeye atoaye shauri ana wajibu wake. Imempasa kusema aliyoyaona, si aliyoyasikia njiani. Imempasa kuuliza kwanza: Mtoto huyu alala wapi? Ala nini? Aogopa nini? Na imempasa kukubali bila hasira shauri lake lisipofuatwa, kwani mambo yakiharibika, si yeye atakayekesha usiku na mtoto aliaye. Watu wengi hushauri ili kumwaibisha mwenzao, au kusifu watoto wao wenyewe. Kumpima mtoto kwa mtoto wa jirani si kumshauri mama yake, bali ni kumtia kilo mzanini kama samaki wa sokoni.

Sasa, shule ya watoto wadogo ni kitu gani? Katika Kongo wengi huiita maternele. Sheria ya mafundisho ya mwaka 2014 yaiweka kabla ya shule ya msingi, kwa watoto waliotimiza miaka 3. Mwaka 2019 serikali iliondoa malipo katika shule za msingi za umma, lakini maternele haikuhesabiwa humo, na watoto walio wengi wa vijijini hawaipati. Hata hivyo shule za namna hii hazikuanzishwa kwa ajili ya matajiri tu. Mwaka 1840 Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel, aliipa shule yake jina la bustani ya watoto, kwani aliona kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Tarehe 6 Januari 1907 Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua Nyumba ya Watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini katika mji wa Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Aliwapa kazi za kweli: kufagia, kunawa mikono, kufunga vifungo, kupanga meza. Nao watoto waliodhaniwa kuwa wakorofi wakatulia na kufanya kazi kwa furaha. Kumbe, mtoto wa kijijini apewaye ufagio mdogo ili amsaidie mama yake amekwisha kuingia katika shule iyo hiyo, mradi mama asimfukuze akisema: Ondoka, wanichelewesha.

Iko na habari ya mji wa Ypsilanti, katika Marekani. Tangu mwaka 1962 hata 1967 watoto 58 wa jamaa maskini walifundishwa wakiwa na miaka 3 na 4, na wengine 65 wa hali ile ile hawakufundishwa. Wataalamu wakawafuata wote hata walipofikia miaka 40. Mwanzoni waliofundishwa waliwashinda wenzao katika mitihani ya akili, lakini baada ya miaka michache tofauti ile ikapotea. Ila walipokuwa watu wazima, walionekana kuwa wengi zaidi wamemaliza masomo, mshahara wao ukawa mkubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi wakawa wachache zaidi. Basi kilichodumu kilipita nyimbo na hesabu. Na jambo moja lisisahauliwe: kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto, akaketi pamoja na mama yake. Shule ile haikumwondoa mtoto mkononi mwa mama. Iliushika mkono wa mama.

Je, mzazi asiye na fedha ya maternele amemkosea mtoto wake? Hapana. Hakuna afungwaye na wajibu asioweza kuutimiza. Lakini kila mtu afungwa na ule auwezao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni, UNICEF na Benki ya Dunia walitaja mambo 5 ambayo mtoto mdogo ayahitaji: afya, chakula kifaacho, usalama, mlezi amjibuye kwa upendo, na kujifunza tangu utoto. Mengi katika hayo yapatikana hata chini ya paa la nyasi. Kumpa mtoto maharagwe pamoja na ugali, kumlaza chini ya chandarua, kumpeleka kuchanjwa, kumjibu aulizapo jina la ndege, kuhesabu naye mahindi yaanikwapo, kumsimulia hadithi penye moto kwa lugha ya nyumbani: mambo hayo hayahitaji kuuza mbuzi. Yahitaji mtu aliyepo. Kwa hiyo baba asemaye kwamba watoto ni mambo ya wanawake amejivua mwenyewe cheo chake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na walio wakuu. Haukumtaja mama peke yake.

Je, mwenye fedha akilipa, amemaliza wajibu wake? Hapana pia. Malipo humpa mtoto mwalimu wa asubuhi. Hayampi baba wa jioni. Wala asijisifu yule aliye na shule njema karibu na fedha ya kutosha, kisha akataa kwa ubahili, au ampeleka mvulana na kumwacha msichana. Huyo hakukosa uwezo, alikosa haki.

Basi washauri wale watatu wapimwe. Mwenye fimbo amekosea, kwani mtoto wa miaka 4 apigwaye kwa kumwaga maji hajifunzi kushika kibuyu vizuri. Ajifunza kujificha baada ya kumwaga. Bibi mzee amesema nusu ya kweli: mhogo hauvutwi majani, lakini hupaliliwa. Na yule wa Bukavu ameona jambo jema, ila hakutaja bei yake yote. Mbuzi ni sehemu ndogo ya bei hiyo.

Baba na mama wa mfano huu waliketi hatimaye pamoja, wakajiuliza swali moja ambalo hakuna aliyewauliza chemchemini: Huko mjini, jioni, mtoto akilia, nani atamjibu? Baba mdogo huondoka alfajiri na kurudi usiku. Hawakuona jibu, wakamwacha mbuzi zizini. Mama akapatana na jirani wawili: wawili waendapo shamba, wa tatu abaki na watoto wote chini ya mwembe. Bibi akaombwa kuja na hadithi zake. Baba akamchongea mtoto jembe dogo, naye kila jioni humwuliza alilofanya mchana.

Lakini isidhaniwe kwamba hawakupoteza kitu. Siku ya kuingia shule ya msingi, mtoto wao atawakuta wenzake waliokwisha kujua kushika chaki, naye ataona haya. Yule mwanamke wa chemchemi hatakosa kuwakumbusha. Siku hiyo hawataweza kumtupia mwingine lawama, wala hawatahitaji, kwani waliamua wakijua kwa nini. Huo ndio uchungu ambao mithali yausema. Mikono mingi yaweza kumlea mtoto, na heri kijiji chenye mikono hiyo. Lakini mtoto akiisha kuwa mtu na kuuliza alilelewaje, imewapasa baba na mama kumjibu.