Kama Hujaridhika, Jichoree

Dadangu mdogo ana miaka 11. Likizo ya Agosti nilimfundisha kucheza Battle for Wesnoth kwenye laptopu yangu nzee, ile niliyobaki nayo nilipoacha chuo mwaka wa pili. Ni gemu ya vita, ya zamu kwa zamu. Unapanga askari wako kwenye vyumba vya pembe sita, halafu adui naye anapanga wake. Haiuzwi. David White aliianzisha mwaka 2003, na tangu hapo imejengwa na watu wengi wa kujitolea. Leseni yake inakuruhusu kuifungua, kuibadilisha na kumgawia jirani.

Siku mbili alicheza kimya. Siku ya tatu akasajili askari wa mkuki, akamkodolea macho.

"Wa mkuki hakuna msichana?"

Nikamwonyesha wachawi, maanake kuna wa kiume na wa kike. Nikamwonyesha na wezi.

"Mimi nataka wa mkuki. Na mbona hawa wetu karibu wote wanakaa wazungu?"

Sikuwa na la kusema, basi nikampa jibu linalozoeleka kwenye dunia ya programu huria mtu akilalamika: kama hujaridhika, jitengenezee.

Jibu hilo si la kudharau. Gemu ya kampuni ukiona haina mtu kama wewe, unaweza kununika tu. Hii mlango wake uko wazi. Picha ya askari ni pikseli 72 kwa 72. Bei yake, uhai wake na silaha zake zimeandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida ambalo yeyote anaweza kulihariri. Hakuna anayekuuliza cheti. Kwa mtu kama mimi, ambaye kila tangazo la kazi linaanza kwa kumfungia nje, hilo si jambo dogo.

Lakini kuingia kuna gharama. Unahitaji laptopu, stima, bando, Kiingereza cha kusomea maelekezo, na jioni nyingi ambazo hakuna anayekulipa. Kazi ya bure hufanywa na aliyebakiwa na wakati. Mimi nikimaliza kuandikia watu makala za shilingi mia tatu tatu, usiku umeisha. Kwa hivyo sidhani waliochora wale askari walituchukia. Walikuwa na jioni zao, wakachora walichokijua.

Sasa je, nina haki ya kuwadai? Mama angesema zawadi haikosolewi. Ukipewa mahindi, huulizi mbona si mchele. Nimelifikiria hilo sana, na nadhani Mama ana haki kwa zawadi ya mtu mmoja kwa mwenzake. Ukibandika mlangoni kwamba karamu ni ya kila mtu, hapo umeahidi jambo. Aliyefika akakosa pa kukaa akiuliza kiti, hajakutukana.

Hayo nilikuwa nimeyaamini kabla ya kuchora mwenyewe.

Nilichukua usiku tatu. Nilipomaliza nilijisikia fundi kabisa. Nikamwita dadangu, akaangalia, akanyamaza kidogo.

"Huyu ni Mmaasai."

"Si ana mkuki?"

"Sisi si Wamaasai. Na bado ni mwanaume."

Niliona aibu. Babu yetu ni wa Butere, sisi tumezaliwa Nakuru. Sijawahi kuvaa shuka nyekundu wala kusimama kwa mguu mmoja nikitazama machweo. Yule mtu nilimtoa wapi? Nilimtoa kwenye postikadi, kwenye vinyago vya madukani, kwenye matangazo ya ndege. Nilipewa kalamu hatimaye, nikachora picha ambayo watalii wanatuchora. Tena nikamchukua Mmaasai, ambaye naye ana maisha yake, nikamfanya vazi. Ati mimi ndiye niliyekuwa nawalaumu wengine.

Wakati huohuo nilikuwa nacheza gemu nyingine huria, 0 A.D., inayohusu falme za kale. Mwaka 2018 waliongeza ufalme wa Kush, uliokuwa kusini mwa Misri, kwenye nchi ya leo ya Sudan. Wakushi wana piramidi zao na mashujaa wao. Mmoja ni Amanirenas, malkia aliyepigana na Warumi. Hakuna Mkushi wa enzi hizo aliye hai wa kujichora. Ili kuwaweka pale, ilibidi mtu asome, alinganishe, akubali kusahihishwa. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilidhani rangi yangu imeshanifanyia utafiti. Nilikuwa na msichana mwenyewe kando yangu, na sikumuuliza swali hata moja.

Basi nikamuuliza. Akataka matuta. Akataka sweta ya shule, ile ya kijani, yenye kiwiko ambacho Mama alikishona kwa uzi wa bluu kwa sababu wa kijani ulikuwa umeisha. Kwenye picha, uzi huo ni pikseli mbili. Nilimwambia hakuna atakayeziona. Akasema yeye ataziona.

Bado sijaituma kwa wenye gemu. Wakiikataa kwa sababu uchoraji wangu ni dhaifu, watakuwa na haki. Ninachowadai ni kidogo: wakimwambia mtu ajitengenezee, awepo wa kumwitikia akipiga hodi. Mimi nami ninadaiwa kuuliza kabla ya kuchora.

Kwa sasa yule askari anaishi kwenye laptopu yetu tu. Vita vyake vya kwanza, dadangu alimweka mbele kabisa, na orki wakamuua zamu ya tatu. Nilidhani atalia. Alihesabu dhahabu iliyobaki, akasajili mwingine.