KINYONGO CHA MTU ALIYEKOSA KITI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu! Ninajiusia mwenyewe na ninawausia ninyi kumcha Mungu. Leo tuangalie ugonjwa mmoja unaoingia moyoni polepole: kinyongo cha mtu aliyetaka ukubwa akaukosa.

Kabla ya Hijra ya mwaka 622, makabila mawili ya Madina, Aws na Khazraj, yalikuwa yamechoka na vita. Watu wakapatana kumvika taji Abdullah bin Ubayy, mkubwa katika Khazraj. Kabla hajavikwa, Mtume (s.a.w.) akafika, na mioyo ya watu ikamgeukia. Abdullah akaona amenyang'anywa ufalme. Baada ya vita vya Badr alisilimu kwa ulimi, lakini moyo wake ukabaki kwenye lile taji.

Tazameni namna kinyongo kilivyofanya kazi. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, shauri lake la kubaki mjini halikufuatwa. Akarudi nyumbani na watu kama 300 katika jeshi la watu 1000, akawaacha wenzake mbele ya adui.

Kisha, katika safari ya vita ya Banu Mustaliq, watu wawili waligombana penye maji, mmoja wa upande wa Muhajirina, mwingine wa upande wa Ansari. Lilikuwa jambo dogo. Abdullah akalipuliza kama moto. Akawaambia wenyeji kwamba kosa ni lao kuwapokea wageni. Wasiwape tena kitu, nao wataondoka wenyewe. Akasema wakirudi Madina mwenye heshima atamfukuza mnyonge. Mwenyezi Mungu akayafichua maneno hayo katika Surat al-Munafiqun, aya ya 7 na ya 8, na akabainisha kwamba utukufu ni Wake, na wa Mtume Wake, na wa Waumini. Na Mtume (s.a.w.) akasema wito wa ukabila uachwe, kwa maana unanuka.

Mwisho wake ulikuwaje? Mtoto wake wa kumzaa, Muislamu wa kweli, alimzuia njiani mpaka akiri kwamba mnyonge ni yeye. Alipokufa, mwaka wa 9, Mtume (s.a.w.) alitoa kanzu yake avikwe, na akamswalia. Kisha ikateremka aya ya 84 ya Surat at-Tawba, kukataza kuwaswalia watu wa namna yake. Taji hakulipata, na imani aliipoteza.

Ndugu yangu unayesoma, usiseme hiyo ni habari ya zamani. Tunaishi katika inchi ambamo maneno "mwenyeji" na "mgeni" yamekwisha kuchoma vijiji. Na hata msikitini: komite inachaguliwa, aliyekosa anakaa na funguo na muhuri, anaacha kusalimu wenzake, jioni anapita nyumba kwa nyumba akihesabu makabila. Hapo watoto wa madrasa wanakosa mwalimu, na mayatima wanangoja.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mbwa-mwitu wawili wenye njaa wakiachiliwa katika kondoo hawaharibu kama vile tamaa ya mali na ukubwa inavyoharibu dini ya mtu. Basi jipime: jambo jema likifanyika bila jina lako, moyo wako unafurahi ao unauma? Kama unauma, anza dawa leo. Khalid bin Walid alikuwa amiri mshindi. Khalifa Umar alipomuondoa, alibaki jeshini chini ya Abu Ubayda, akaendelea kupigana. Aliyekuwa akimtumikia Mungu hakupoteza kazi kwa kupoteza cheo.

Kwa hiyo, aliye na funguo zisizo zake azirudishe kabla ya Ijumaa ijayo. Aliyechaguliwa naye asijivune. Amwendee mwenzake nyumbani, amuombe shauri.

Ee Mwenyezi Mungu, usiache kinyongo mioyoni mwetu juu ya walioamini. Tupe viongozi wanaokuogopa, na utupe amani katika inchi yetu. Nasema maneno yangu haya, na ninaomba msamaha wa Mungu kwangu na kwenu. Amina.