Nukta Mlangoni

Ukitaka kufika kwa mtu Kaptembwa au Rhonda, hupewi namba ya nyumba. Unaambiwa: shuka steji, pita posho mill, uliza kwa mama mboga, geti ya kijani. Barua zetu huenda sanduku la posta, haziletwi mlangoni. Kwa hivyo anayechapisha ramani ya mtaa na kutia nukta kwenye kila mlango anaonekana anatufanyia hisani. Ambulensi itafika. Nduthi haitapotea na chakula.

Lakini hebu tuulize: nukta ni ya nani? Ya anayeichora, au ya anayelala nyuma ya mlango huo?

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu mtaa wa Soho, London, daktari John Snow aliweka kwenye ramani alama ya kila kifo, katika nyumba kilipotokea. Alama zilijazana karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Ramani hiyo inasifiwa mpaka leo, na inastahili. Alama zilikuwa milangoni, ila kidole kilielekea kwenye maji.

Sisi tunajua pia kidole kikielekea mlangoni. Januari 2008, Nakuru ilipowaka, kujua nani anaishi ploti gani kulikuwa silaha. Jirani aliyepajua kwako angeweza kukuficha, au kukuonyesha kwa wengine. Mwezi huohuo Wakenya wakaanzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi. Nukta hizo zilionyesha lililotendeka, si wa kutendewa.

Kuelekezana kwa mdomo kuna ulinzi wake. Mama mboga anakupima kwanza: wewe ni nani, unamtakia nini? Karatasi haiulizi. Ikishachapishwa haifutiki, na atakayeiokota kesho humjui. Mtu akihama, nukta inabaki, inamwangukia mpangaji mpya.

Basi tukae bila ramani? Hapana. Mtaa usioonekana kwenye ramani ni rahisi kusahauliwa pesa zikigawanywa. Chora barabara, bomba, choo cha umma, kliniki. Hivyo ni vya wote. Mlango una mwenyewe. Mweleze ramani itaenda kwa nani na itafanya kazi gani, halafu umwachie neno. Waswahili hubisha hodi mara tatu, wasipoitikiwa, hurudi. Mchora ramani naye ni mgeni.