Kilicho Nyuma ya Mwigizaji

Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita Tingi, huku Kilwa, kila siku, na abiria wengi hawaulizi hapa ni wapi. Jioni, kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea filamu, sisi ndio tunaotazama miji ya wenzetu. Ukikaa humo unaanza kujiuliza: mahali panapata nini pakitazamwa?

Mwongozaji wa filamu Howard Hawks alileta kamera zake Arusha na Momella, akamleta na mwigizaji John Wayne, na mwaka 1962 filamu yao, Hatari!, ikaanza kuonyeshwa. Wayne amekalia kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, gari linamkimbiza kifaru na vumbi linafunika kila kitu. Hadithi yenyewe ni nyepesi: Wazungu wanakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za ng'ambo, wanataniana, wanapendana. Wakati inapigwa, Tanganyika ilikuwa inauelekea uhuru wa Desemba 9, 1961, na filamu wala haina habari.

Mimi macho yangu hayakai kwa Wayne. Yanawafuata wanaume wa kwetu walio nyuma yake na kamba zao, ambao hadithi haikuwapa la maana la kusema. Walikuwa wanawaza nini asubuhi ile? Posho, pengine, au mtoto aliyeachwa na homa nyumbani. Hawks aliwaweka pale wajaze picha tu, lakini leo, kwangu mimi, wao ndio picha. Mapenzi ya Wayne yamechuja. Nyuso zile hazijachuja.

Hata miongoni mwa waigizaji, yupo aliyezidiwa nguvu na mandhari. Mjerumani Hardy Krüger alikuja kuigiza, kisha akanunua shamba Momella akaishi huko miaka.

Na huku Kilwa jambo hili, la kilicho nyuma kumzidi aliye mbele, ni la zamani kuliko kamera. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akaandika habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman na ukarimu wake. Hilo ndilo alilotaka likumbukwe. Lakini alidokeza pia, kwa kupita tu, kwamba nyumba za mji zilikuwa za mbao. Leo ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani unakuta Msikiti Mkuu na kuta za mawe. Zile mbao zimebaki katika sentensi yake peke yake. Sifa za sultani zingeweza kuandikwa na mshairi yeyote wa ikulu. Mbao zilihitaji mpita njia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mahali pasipopigwa picha pamesahauliwa. Waliojenga zile nyumba za mbao waliishi, wakaoa na kuolewa, bila kungoja shahidi. Ila shahidi akija, haamui yeye kipi kitadumu katika alichokiona. Atakayeamua hajazaliwa bado.

Wakija watu wa filamu Tingi, na waje. Vijana wataulizia malipo kwanza, na ni haki yao. Mimi nitamwomba mpiga picha jambo moja: mwigizaji wake akishamaliza maneno yake akaondoka, asizime kamera upesi. Aiache imtazame mama muuza korosho akirudisha chenji, mpaka basi liondoke.